Mti wa Kileleni mwa Nyumba ya Kogo

Harufu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu haina ubaya wowote, na anayekunja pua aendelee tu kukunja. Jana nilishinda nayo mikononi hadi viwikoni, nikikandika ukuta wa nyumba ya nyanya yangu hapa Konoin, na leo asubuhi hata chai yangu ilinukia hivyo hivyo. Binamu zangu wa mjini Kericho hunipigia simu wakinihurumia. "Si ujenge tu ya mawe, dada?" Huwa nawaambia kwamba nina matope mikononi, siwezi kushika simu vizuri, kisha nakata.

Wewe sitakukatia. Keti, maana harufu hii ina habari ndefu, na nimechoka kuwasikia watu wakiisimulia vibaya.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tuliishi watatu: Kogo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, mama yangu, aliyerudi kutoka kwa mumewe akiwa na mimi mgongoni na asiulizwe swali lolote, na mimi mwenyewe, magoti yamejaa makovu na mdomo haulali. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alimwachia Kogo mabinti watupu, kipande cha chai kilichoteremka hadi mtoni, na nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi aliyoijenga walipooana.

Wakati huo nyumba za nyasi zilikuwa zimekwisha upande wetu. Kila bonasi ya chai ilipolipwa, paa jingine lilianza kumeta ng'ambo ya bonde, hadi tukabaki peke yetu katikati ya mabati. Shuleni waliniita Kiota. "Kiota amefika! Kiota, umetaga mangapi?" Niliwarushia mawe, na nilikuwa na shabaha, lakini moyoni niliona haya. Usiku nililala nikiomba Mungu atupe mabati hata ya kutu.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima nikueleze kabla hatujaendelea. Kwetu, nyumba ya nyasi ya mtu na mkewe huwa na mti mfupi uliosimama kileleni, pale nyasi zote zinapokutana na kufungwa. Mti ule humwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba yuko hai. Akifa, ndugu zake huja kuuondoa, na watu wakiinua macho wanajua bila kuuliza.

Aliyekuja kuuondoa mti wa babu alikuwa mdogo wake, Arap Sang, ambaye boma lake lilipakana na letu. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, sauti ya upole, na fimbo haikumtoka mkononi hata akienda chooni. Alipanda ngazi, akaung'oa mti, akashuka, akasema pole. Tundu linaloachwa na mti linatakiwa lizibwe siku hiyo hiyo kwa kishungi cha nyasi. Arap Sang hakuliziba. Alisema atarudi kesho, na ile kesho yake mpaka nakua sijaiona.

Mvua ya huku kwetu haina likizo, na mara nyingi huja na mawe. Maji yaliingia kwa lile tundu, yakashuka na mhimili wa katikati, yakafanya dimbwi kando ya jiko. Tuliweka sufuria, ikajaa. Tukaweka karai. Nyasi zikaanza kuozea juu zikiteremka, na ukuta wa upande wa jiko ukaanza kumeguka. Nilikuwa nikipanda darini kuokoa mahindi yasilowe, na huko ndiko nilikouona mti mmoja umelazwa juu ya moshi, mnyoofu, umechongwa vizuri, umeanza kuwa mweusi. Nikauliza ni wa nini.

"Ni wa kufukuzia mbuzi," Kogo alinijibu.

Hatukuwa na mbuzi. Lakini mtoto anayeishi na mtu mzima huzoea majibu ya namna hiyo, nami nikaenda zangu.

Kila jioni Arap Sang alipita njiani, akasimama, akaliangalia paa letu jinsi mtu anavyoangalia mkungu wa ndizi kama umeiva. Siku moja aliingia kabisa, akaketi, akapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, akanywa taratibu.

"Hii nyumba imechoka, mama," alisema. "Wacha ianguke yenyewe. Mimi nitakujengea ya mabati, room mbili, pale chini karibu na mto. Hapa juu tutapanda chai ifike mpaka barabara."

Alisema "tutapanda". Kule chini karibu na mto palikuwa kinamasi ambacho hata vyura walikuwa wakikohoa. Na Kogo alijua, kama kila mwanamke wa kule alivyojua, kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume alikuwa na mahali pale alipowasha moto, basi. Jiko likizimika, na mahali pake pamekwisha. Nyumba ikianguka, Arap Sang asingehitaji kumfukuza mtu.

Mama yangu alikuwa upande wa mabati, na simlaumu. Alichoka kukinga maji.

"Mama, kubali tu. Watu wote wako na mabati."

"Watu wote wako na pua," Kogo akamwambia, "na kila mtu anapenga yake."

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kufundishwa methali darasani, nikaingilia kwa majivuno: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kogo akasema yeye ataziba ufa na atajenga ukuta, vyote viwili, na mimi nichukue mtungi nikalete maji.

Tulianza na ukuta, na tulianza vibaya. Mama alienda kwa jirani aliyekuwa na ng'ombe wa gredi, akaleta kinyesi ndoo kwa ndoo. Tukakanyaga udongo kwa miguu, tukakandika, tukajisifu. Ulipokauka ukapasuka vipande vipande, na kipande kimoja kikaanguka ndani ya ugali. Kogo alikiokota, akakivunja kwa vidole, akakinusa.

"Huyu ng'ombe hatoki nje. Anakula unga kwa ndoo. Sasa hii ni mavi ama ni uji?"

Ng'ombe wa kukandikia nyumba ni yule anayekula nyasi ndefu na kuzitoa zikiwa nyuzinyuzi, maana nyuzi hizo ndizo zinazoshika udongo. Na ng'ombe wa namna hiyo walikuwa wameisha upande wetu pamoja na nyasi zenyewe. Chai ilikuwa imekula kila kitu. Ungeweza kusimama mlangoni kwetu ukaona kijani hadi macho yakuume, na usipate nyasi za kujaza kiatu.

Ndiyo maana tukaenda Chebunyo. Kule ni kukavu, watu wanafuga, na nyasi zinafika kifuani. Kogo alikuwa na dada yake huko, Tapkigen, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Tulikata nyasi kwa mundu kutwa kucha, tukazichana kwa vidole, tukazifunga miganda. Kogo hakuniruhusu kufunga mganda wowote uliokuwa na unyasi uliopinda. Halafu akachukua magunia, akaingia kwenye zizi la dada yake.

Tapkigen alicheka mpaka akaketi chini. "Watu wanatoka Konoin kuja kununua ng'ombe. Wewe umetoka huko kuja kuomba mavi!"

"Ng'ombe baki naye," Kogo akasema. "Mimi nachukua ile kitu haujui bei yake."

Tulirudi na pikapu ya mtu wa mbuzi, nyasi zimefungwa juu, magunia chini, na mimi juu ya magunia. Tulipopita sokoni Mogogosiek watu waliziba pua wakatupigia kelele. Mmoja aliuliza kama huko tulikotoka ndiko wanakochimba mavi. Niliona wasichana wawili wa darasa letu, nikaficha uso ndani ya sketi. Kogo akanivuta sikio.

"Inua uso. Kwani tumeiba?"

Nikainua. Sikuwa jasiri, nakwambia ukweli, ila lile sikio liliuma. Lakini nilipoinua uso niliona jambo: wale wasichana ndio walioangalia kando.

Ukuta ule wa pili ulishika. Udongo wa kichuguu, kinyesi cha Chebunyo, majivu ya jikoni, na mikono ya watu watatu wa ukoo mmoja. Kogo alimalizia kwa kupitisha vidole ukutani akichora matao, moja ndani ya jingine, kuzunguka nyumba nzima. Ulipokauka niliugonga kwa kidole, ukajibu ko, ko. Tangu siku hiyo sikumsikia tena Mama akitaja mabati.

Likabaki paa. Mwanamke hapandi juu ya paa. Huo kwetu ni mwiko, na kuezeka ni kazi ya wanaume. Kogo alizunguka kwa wanaume wa kijiji. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na mazishi, wa tatu angalau alisema wazi kwamba Arap Sang ni mzee wake wa kanisa na hataki maneno. Nyasi zetu zilikaa chini ya turubai zikitungoja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu aliitwa Ombati, Mkisii mchuma chai kutoka kambi ya shamba kubwa, na tulimwita Baba Moraa kwa jina la bintiye. Alikuwa mfupi, mwenye majigambo yasiyo na breki. Alimsikia Kogo sokoni akilalamika, akamfuata.

"Mama, mimi nimeezeka nyumba Kisii yote. Ukiona nyumba Kisii inavuja, jua hiyo si yangu."

"Watu wa hapa wanaogopa," Kogo alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe hauogopi?"

"Niogope nini? Mimi kule kambini nalala kwa laini. Milango ishirini, yote sawa. Nikilewa nafungua ya jirani. Mikono yangu imesahau nyumba, mama. Wacha ikumbuke."

Alikuja kila siku yake ya mapumziko. Alibomoa nyasi zilizooza, akabadilisha fito zilizolika, akaanza kulaza nyasi mpya kutoka chini akipanda, mganda juu ya mganda, akizigonga kwa kibao hadi zikalala sawasawa. Aliongea muda wote. Kazi yangu ilikuwa kumrushia miganda, na nilikuwa na shabaha, kama nilivyokwambia. Wakati wa kula, yeye na Kogo waliketi kivulini wakinong'onezana, na mimi nikikaribia wanaanza kuzungumza habari za mvua.

Siku ya kumaliza, Baba Moraa alichagua mchana, wakati wanawake walipokuwa wakirudi kutoka kupima majani na vikapu vitupu mgongoni. Alikuwa kileleni amebana miguu. Akaomba mganda wa mwisho. Ndani ya mganda ule akatoa mti mweusi, akausimamisha katikati, akaanza kuuzungushia kamba.

"Huo ni wa mbuzi!" nilipiga kelele kutoka chini. "Baba Moraa, huo ni wa mbuzi!"

Kogo alinifinya hadi nikanyamaza.

Njiani, wanawake walisimama. Mmoja alijiziba mdomo. Nyumba ya mjane, nyasi mpya zinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta, na juu yake mti. Sijui ni nani aliyekimbia kumwita Arap Sang, lakini alifika akihema, bila koti.

"Nani ameweka huo mti?"

"Ni mimi, mzee," Baba Moraa alisema akishuka taratibu. "Nyumba si imeisha?"

"Nyumba ya mjane haiwekwi mti!"

"Haki? Wueh. Mimi sikujua. Mimi ni Mkisii tu, mzee. Kwetu tunamaliza hivi."

"Basi toa."

"Sasa hapo ndio shida. Nimefunga na kamba ya ndani. Nikitoa, paa yote inafunguka. Labda tungoje nyasi ikae."

"Ikae mpaka lini?"

Baba Moraa alijikuna kichwa, akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Nyasi kama hii? Hata miaka kumi."

Wanawake wakacheka. Arap Sang akashika ngazi mwenyewe, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Hapo ndipo Kogo alipoweka kisu chake cha kumenya viazi chini, akainuka. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika kwenye kifua cha shemeji yake. Hakupaza sauti.

"Panda, Arap Sang. Mara ya kwanza ulipanda ukaacha tundu, na mimi nikanyamaza. Leo ukipanda, watu wako hapa."

"Mzee wako amekufa. Mti ulitoka."

"Ule ulikuwa wake. Alienda nao. Huu si wake."

"Ni wa nani, basi?"

"Hiyo moshi unaona, nani amewasha moto yake?"

Akatazama moshi uliokuwa ukipenya taratibu kwenye nyasi mpya. "Ni wewe."

"Basi umejijibu."

"Mwanamke hana mti!"

"Sasa yuko nao."

Arap Sang aligeuka kuwatazama wanawake njiani. Nadhani alitegemea watashtuka, waseme laana, waondoke. Hakuna aliyeondoka. Mmoja, mke wa yule mwenye mgongo, alisema tu kwamba nyumba imependeza, haki ya Mungu. Mzee akauondoa mguu kwenye ngazi. Alikung'uta suruali yake, ambayo haikuwa na vumbi.

"Mkisii amekosea," akawatangazia watu wote. "Hajui desturi. Tumsamehe."

"Asante, mzee," akasema Baba Moraa, na kichwa ameinamisha.

Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa tangu siku hiyo. Nyumba ya Kogo ina mti kwa sababu ya Mkisii asiyejua desturi. Sokoni walimwita Mkisii wa Mti, wakamuuliza kama ameshamaliza kuwawekea mbuzi miti, kwa kuwa kelele zangu nazo zilikuwa zimefika huko. Yeye alicheka nao. Mimi nilimwonea huruma kwa miaka mingi. Niliamini kwamba mtu mwema alichukua mti wa mbuzi kwa bahati mbaya, na Kogo, kwa kuwa alikuwa na kiburi, akaamua kuutetea.

Chai haikufika barabarani. Arap Sang aliendelea kupita jioni, lakini macho aliyaweka njiani. Kogo aliishi ndani ya nyumba ile akazeeka, akazika wadogo zake, Tapkigen akiwa mmoja wao, akaniona nikienda chuo na kurudi. Kila alipohitaji kubadilisha nyasi, Baba Moraa alikuja, na kila mara mti uliinuliwa, nyasi zikabadilishwa, mti ukarudishwa, na hakuna aliyetamka neno.

Mwaka jana Kogo alifariki. Tulipomaliza kuzika, watu wakiwa wameketi na sahani mapajani, Arap Sang aliinuka. Sasa ni mzee wa kushikwa mkono; fimbo ile ya zamani leo ina kazi. Alisimama mbele ya nyumba, akainua macho hadi kileleni. Nilijiandaa kugombana naye, nakwambia, nilikuwa nimeshaweka sahani chini.

Akasema, "Mti ushuke. Mwenye nyumba amekufa."

Watu waliitikia kwa vichwa kana kwamba amesema jambo la kawaida. Mimi nilikaa chini, nikalia kilio ambacho sikukilia kaburini. Hutoi mti wa mtu ambaye hakuwa mwenye nyumba. Mjukuu wa Arap Sang alipanda, akaushusha, akanipa mkononi. Ulikuwa mweusi tititi, mzito, na nilipoukwaruza kwa ukucha, weusi haukutoka. Tundu tuliliziba jioni ile ile, mbele ya macho yangu.

Baada ya hapo nilikata wangu. Nikauchonga, nikaulaza darini juu ya jiko, na kila juma nilipanda kuuangalia. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho mtoto wa miaka tisa hangeelewa. Mti hauwi mweusi haraka. Moshi huchukua miezi kuingia ndani. Ule wa Kogo ulikuwa ukivuta moshi kabla ya Chebunyo, kabla ya ukuta kupasuka, kabla Baba Moraa hajajulikana kwetu. Alikuwa ameshaamua siku ile ile tundu lilipoachwa wazi. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba lawama, ili kijiji kipate la kusema na Arap Sang apate njia ya kurudi nyumbani na heshima yake. Baba Moraa alikubali kuwa mjinga wa soko zima kwa ajili ya nyumba isiyokuwa yake. Nilimwendea nikamuuliza. Alinitazama kwa macho yake ambayo sasa yana ukungu, akaniuliza kama viazi vimelipa mwaka huu.

Ukuta nimemaliza jana, kwa kinyesi cha Chebunyo, na pikapu ilipita katikati ya soko na mimi nimekaa juu ya magunia, uso juu. Nyasi zimefika kileleni. Baba Moraa hawezi tena kupanda. Ameketi kivulini akimfokea mwanawe kwamba mganda ule umepinda. Mwanawe ameniuliza kama akiuweka mti aseme hajui desturi, maana baba yake amemfundisha maneno yote.

Nimemwambia hapana. Apande mchana, watu wakitoka kupima majani, na akiulizwa ni wa nani, aonyeshe kidole hapa nilipo.